Mafuta ya Mwingine, Jeshi la Mnunuzi

Tarehe 23 Januari 1980, Rais Jimmy Carter alisimama mbele ya Bunge la Marekani na kutamka waziwazi jambo ambalo watangulizi wake walilifanya bila kulitangaza. Alisema kwamba nguvu yoyote ya nje itakayojaribu kulitia mkononi eneo la Ghuba ya Uajemi itahesabiwa kuwa imeyashambulia maslahi ya msingi ya Marekani, na itarudishwa nyuma kwa njia yoyote ile, jeshi likiwemo. Wiki chache kabla ya hapo majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameingia Afghanistan, na mjini Tehran Wamarekani zaidi ya 50 walikuwa mateka. Mwaka huohuo Marekani ilifikia makubaliano ya kutumia bandari na viwanja vya ndege vya Oman, Somalia na Kenya. Hivyo ndivyo Mombasa, mji usio na kisima hata kimoja cha mafuta, ulivyoingizwa katika mpango wa kulinda mafuta ya Ghuba.

Swali lililozuliwa na hotuba ile halijafungwa. Je, nchi inayotegemea mafuta ya nje ina haki ya kutumia jeshi ili mafuta hayo yaendelee kuifikia? Wengi hujibu haraka. Huyu atasema kila vita vya namna hiyo ni wizi uliovalishwa gwanda. Yule atasema hakuna serikali yenye akili itakayokubali uchumi wake ukabwe koo huku manowari zake zimetia nanga. Majibu yote mawili yanapita juu ya jambo moja kubwa: "kulinda mafuta" ni jina moja lililobebeshwa vitendo vitatu visivyofanana. Kuna kulinda njia ya meli. Kuna kumfukuza mvamizi aliyeingia nchi ya watu. Na kuna kuitia mkononi nchi yenye mafuta, au kuibadilishia serikali, ili mafuta yapatikane kwa masharti ya mnunuzi. Vitendo viwili vya kwanza vinaweza kuwa halali, tena kwa masharti magumu. Cha tatu si halali, na historia inaonyesha kwamba hata faida iliyotarajiwa mara nyingi haikupatikana.

Afrika Mashariki haina nafasi ya kulitazama swali hili kwa mbali. Petroli na dizeli inayoshushwa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa kwa sehemu kubwa hutoka Ghuba na India. Wakati huohuo Uganda na Tanzania zimeingia katika ujenzi wa bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, ili mafuta ghafi ya Ziwa Albert yauzwe nje. Pwani moja inanunua na inajiandaa kuuza. Kanuni tutakayoikubali leo kwa mafuta ya wengine ndiyo itakayotumika kesho kwa mafuta yetu.

Uzito wa hoja ya mnunuzi

Anayetetea jeshi anastahili kusikilizwa, maana hoja yake si ya kipuuzi. Mlango-bahari wa Hormuz, kati ya Iran na Oman, una upana wa takriban kilomita 33 mahali palipobana zaidi. Mwaka 2023 na 2024 yalipita hapo mapipa milioni 20 hivi kila siku, karibu moja ya tano ya mafuta yote yanayotumiwa duniani. Tena soko la mafuta ni moja. Pipa likikosekana Kuwait, bei hupanda Rotterdam na Singapore siku ileile, na baada ya wiki chache mwenye bodaboda Kariakoo anaiona kwenye pampu.

Mwaka 1973 ulilifundisha hilo kwa machungu. Kuanzia Oktoba, nchi za Kiarabu zilisitisha mauzo kwa Marekani na baadhi ya washirika wa Israel, na hadi Januari 1974 bei ya pipa ilikuwa imetoka dola 3 hivi hadi karibu 12. Waliokusudiwa kuadhibiwa walikuwa matajiri, lakini walioumia zaidi hawakuwa wao. Tanzania ilikutwa na bei hiyo katikati ya ukame wa 1973 na 1974, ikilazimika kuagiza mafuta na chakula kwa akiba ileile ndogo ya fedha za kigeni. Bei ilipopanda tena 1979, nchi ilikuwa imetoka kubeba gharama za Vita vya Kagera. Mafuta yanapokosekana katika nchi maskini, lori la mbolea halifiki shambani, jenereta ya hospitali ya wilaya inazimwa, na unga unapanda bei kwa sababu nauli imepanda. Anayesema "ni mafuta tu" hajawahi kuishi mahali ambapo dizeli ndiyo inayosukuma maji ya kunywa.

Katika hali hiyo ndipo Henry Kissinger, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Januari 1975, alipokubali hadharani kwamba nguvu ya kijeshi ingeweza kufikiriwa iwapo nchi za viwanda zingekuwa zinanyongwa. Nyaraka za Uingereza zilizofunguliwa mwanzoni mwa 2004 zilionyesha kwamba, mwishoni mwa 1973, wachambuzi wa ujasusi mjini London waliona uwezekano wa Marekani kupeleka askari wa miamvuli kuteka visima vya Saudia, Kuwait na Abu Dhabi. Haikutokea. Lakini wazo lilikuwepo, na halikutoka vichwani mwa wendawazimu.

Hata hivyo, hoja hii inathibitisha haja, na haja si haki. Mwenye kiu anakihitaji kisima cha jirani. Kiu yake haimpi hati ya shamba. Ili haja igeuke kuwa haki ya kupiga, lazima kwanza aliyepigwa awe ametenda kosa la kiwango hicho. Kosa hilo ni lipi?

Kukataa kuuza na kuziba njia

Sheria ya kimataifa ina jibu lililo wazi kuliko wengi wanavyodhani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945 unakataza nchi kutumia nguvu dhidi ya nchi nyingine, isipokuwa kwa kujilinda dhidi ya shambulio la silaha au kwa idhini ya Baraza la Usalama. Mwaka 1962 Baraza Kuu lilitambua kwamba kila taifa lina mamlaka ya kudumu juu ya maliasili zake. Na Desemba 1974, mwaka mmoja tu baada ya vikwazo vya mafuta vya Waarabu, Baraza Kuu lilipitisha tafsiri ya uchokozi: hakuna sababu yoyote, iwe ya kisiasa, ya kiuchumi au ya kijeshi, inayoweza kuuhalalisha. Wajumbe waliopitisha azimio hilo walikuwa na foleni za petroli za jana yake akilini. Walijua walichokuwa wanakikataza.

Tafsiri hiyohiyo inataja kuziba bandari au pwani za nchi nyingine kwa majeshi kuwa ni uchokozi. Hapo ndipo mstari ulipo. Mwenye mafuta ana haki ya kukataa kuuza, hata kwa sababu tusizozipenda, kama vile mkulima wa kahawa alivyo na haki ya kuacha magunia ghalani. Hana haki ya kutega mabomu baharini ili wengine wasiuze wala wasipite. Anayekataa kuuza ametumia mali yake. Anayeziba njia kwa silaha ametumia nguvu dhidi ya watu wengine, na hao wana haki ya kujibu.

Kwa kipimo hiki, vikwazo vya 1973 vilikuwa pigo zito la kiuchumi lakini havikuwa shambulio. Kuteka visima vya Saudia kungekuwa uchokozi, hata kama foleni za magari New York zingezunguka mtaa mzima. Na kwa kipimo hikihiki, meli ya mafuta inayopigwa kombora katika maji ya kimataifa imeshambuliwa, na manowari inayoisindikiza haifanyi kosa lolote.

Walioshika chanzo

Tuwatazame sasa waliochagua kitendo cha tatu. Mwaka 1914, Winston Churchill akiwa waziri wa jeshi la majini, serikali ya Uingereza ilinunua asilimia 51 ya kampuni ya mafuta ya Anglo-Persian, kwa sababu meli zake za kivita zilikuwa zikiacha makaa ya mawe na kuhamia mafuta. Tangu siku hiyo kiwanda cha kusafisha mafuta cha Abadan kilikuwa, machoni pa London, sehemu ya ulinzi wa Uingereza iliyopatikana kwa bahati mbaya kwenye ardhi ya Wairani. Waziri Mkuu wa Iran, Mohammad Mossadegh, alipotaifisha mafuta mwaka 1951, London iliandaa mpango wa kuivamia Abadan kijeshi, ikauacha kwa sababu Marekani haikuunga mkono. Miaka miwili baadaye njia ikawa nyingine: Agosti 1953 mashirika ya ujasusi ya Marekani na Uingereza yalisaidia kumwangusha. Mwaka 1954 mafuta ya Iran yakawekwa chini ya muungano wa makampuni ya kigeni, Wamarekani wakipata asilimia 40 na Waingereza asilimia 40.

Kwa miaka 25 ilionekana kama hesabu imekubali. Kisha yakaja mapinduzi ya 1979, na umma uliojaa barabarani ulikuwa haujasahau 1953. Uzalishaji wa Iran uliporomoka, bei ya dunia ikaruka, na ubalozi wa Marekani ukatekwa. Usalama wa mafuta ulionunuliwa kwa kuwanyima watu serikali yao ulikuwa mkopo, na riba yake inalipwa hadi leo na watu ambao hawakuwa wamezaliwa wakati huo.

Suez haikusubiri miaka 25. Rais wa Misri, Gamal Abdel Nasser, alitaifisha mfereji tarehe 26 Julai 1956. Waziri Mkuu wa Uingereza, Anthony Eden, aliona mkono wa Nasser kwenye koo la Ulaya, kwani takriban theluthi mbili za mafuta ya Ulaya zilipita hapo. Wakati huo hakuna meli iliyokuwa imezuiwa isipokuwa za Israel, na mfereji ulikuwa ukifanya kazi chini ya Wamisri. Uingereza na Ufaransa, kwa mapatano ya siri na Israel, zilivamia. Katika siku chache Misri ilizamisha meli ndani ya mfereji na kuuziba. Nchini Syria vituo vya kusukuma mafuta vya bomba kutoka Iraq vililipuliwa. Saudia ikasitisha mauzo kwa wavamizi wote wawili. Desemba 1956 Waingereza wakaanza kununua petroli kwa kuponi, hadi Mei 1957. Eden alijiuzulu Januari. Jeshi lililotumwa ili mafuta yasikatike ndilo lililoyakata.

Kuna mfano wa zamani zaidi unaoibana hoja ya "maslahi ya msingi" kuliko yote. Mwaka 1941 Japani ilikuwa ikitegemea Marekani kwa karibu asilimia 80 ya mafuta yake. Washington ilipoifungia mauzo kwa sababu ya vita vyake nchini China na kuingia kwake Indochina, Tokyo iliamua kuchukua mafuta ya visiwa vya Indonesia kwa nguvu, na shambulio la Pearl Harbor likawa sehemu ya mpango huo. Palembang ilitekwa Februari 1942. Lakini kuteka kisima si kuyafikisha mafuta nyumbani: nyambizi za Marekani zilizamisha meli za mafuta moja baada ya nyingine, na kufikia 1945 karibu hakuna pipa lililokuwa likifika Japani. Anayesema kwamba nchi yenye haja kubwa ina haki ya kuchukua, na aeleze kwa nini haki hiyo haikuwa ya Japani mwaka 1941. Kama hawezi, basi anachokitetea ni ile kanuni ya zamani ya mwenye nguvu mpishe, na kanuni hiyo haihitaji mwanasheria wala mwandishi wa kuitetea.

Kuwait na nchi iliyookolewa

Tarehe 2 Agosti 1990 majeshi ya Saddam Hussein yaliingia Kuwait. Mafuta yalikuwa chanzo cha ugomvi: Iraq ililalamika kwamba Kuwait ilizalisha kupita kiasi na kuchota mafuta ya Rumaila kutoka upande wa pili wa mpaka. Mafuta yalikuwa pia sababu ya dunia kushtuka, kwa kuwa nchi hizo mbili kwa pamoja zilishikilia takriban moja ya tano ya akiba iliyojulikana duniani. Wakosoaji waliuliza, na wana haki ya kuuliza, kama majeshi ya nchi zaidi ya 30 yangekusanyika iwapo Kuwait ingekuwa inauza viazi.

Pengine yasingekusanyika. Ila jambo moja katika mtiririko wa matukio linapaswa kutusimamisha. Siku nne baada ya uvamizi, Baraza la Usalama lilipiga marufuku ununuzi wa mafuta ya Iraq na ya Kuwait iliyotekwa. Zaidi ya mapipa milioni 4 kwa siku yaliondolewa sokoni kwa hiari ya wanunuzi, na bei ikapanda hadi kuvuka dola 40 mwezi Oktoba. Saddam hakuwa na nia ya kuyanywa mafuta yale; angeyauza. Kama lengo pekee lingekuwa mapipa, njia rahisi ilikuwa kumpigia simu Baghdad na kuagiza. Tarehe 29 Novemba Baraza liliruhusu nguvu kwa kura 12 za ndiyo, zikiwemo za Zaire na Ethiopia. Cuba na Yemen zilikataa, China haikupiga kura upande wowote.

Vita vile vilikuwa halali kwa sababu nchi moja ilikuwa imeifuta nyingine kwenye ramani, mwathirika aliomba msaada na Baraza liliidhinisha. Na ukitaka kujua kama viliokoa mafuta, angalia mwisho wake: majeshi ya Iraq yakirudi nyuma yaliwasha moto visima zaidi ya 600, na cha mwisho kilizimwa Novemba 1991. Pengo la mafuta lilikuwa limeshazibwa na Saudia na wazalishaji wengine kabla bomu la kwanza halijaanguka. Kilichookolewa ni nchi ya watu. Hiyo ilikuwa sababu tosha, na ingepaswa kutosha hata kwa nchi ya viazi.

Iraq ya 2003 inasimama upande wa pili wa mstari. Hakukuwa na shambulio la kujibiwa wala idhini ya Baraza, na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, aliutamka uvamizi huo mwaka uliofuata kuwa kinyume cha sheria. Kama mafuta yalikuwa lengo, wanahistoria wataendelea kubishana. Askari wa Marekani walilinda Wizara ya Mafuta mjini Baghdad wakati Makumbusho ya Taifa yakiporwa, na kwa Wairaqi wengi picha hiyo ilimaliza mjadala. Katika kipimo cha mapipa, Iraq iliyokuwa ikizalisha milioni 2.5 hivi kwa siku kabla ya vita ilichukua takriban miaka mitano kurudi hapo, huku mabomba yake yakilipuliwa mara kwa mara. Zabuni zilipofunguliwa mwaka 2009, makampuni ya China na Urusi yaliondoka na mikataba mikubwa bila nchi zao kupoteza askari katika uvamizi huo.

Bahari ni ya wote

Ulinzi wa njia ndio wenye hoja bora, na bado hauna kinga ya kwenda mrama. Katika vita vya Iran na Iraq, kila upande ulishambulia meli za mafuta. Kuwait iliomba ulinzi, na mwaka 1987 Marekani ilizipa meli 11 za Kuwait bendera ya Marekani na kuzisindikiza. Katika msafara wa kwanza, meli ya Bridgeton iligonga bomu la majini. Manowari zilizokuja kuilinda zikajipanga nyuma yake, kwa kuwa meli kubwa ya mafuta ilistahimili bomu kuliko zenyewe.

Msafara huo ulianza kama ulinzi halali wa meli za biashara. Kisha ukapanuka. Meli za Marekani zilishambulia majukwaa ya mafuta ya Iran, Oktoba 1987 na Aprili 1988. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba mashambulizi hayo hayawezi kuhalalishwa kuwa ya lazima kwa usalama wa Marekani, ingawa haikuipa Iran fidia iliyoidai. Na tarehe 3 Julai 1988 manowari ya Vincennes iliidungua ndege ya abiria ya Iran Air, safari namba 655, ikidhani ni ya kivita. Watu wote 290 walikufa. Hawakuhusika na pipa hata moja. Kila anayepima gharama ya kulinda njia lazima awaweke watu hao kwenye mizani, kwa sababu jeshi linalokaa muda mrefu kwenye bahari finyu, likiwa na hofu na vidole kwenye vitufe, mwisho wake hukosea.

Pwani yetu ina mfano uliokwenda vizuri zaidi. Novemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka Sirius Star, meli ya Saudia yenye mapipa milioni 2 ya mafuta ghafi, maili 450 hivi za baharini kusini-mashariki mwa Mombasa. Manowari za Ulaya, Marekani, China, India na nchi nyingine zililinda njia kwa maazimio ya Baraza la Usalama na kwa ridhaa ya serikali ya mpito ya Somalia. Watuhumiwa walifikishwa mahakamani, baadhi yao Mombasa. Kufikia 2012 na 2013 uharamia ulikuwa umeshuka sana, pia kwa sababu meli zilibadili mwendo na kubeba walinzi. Hakuna aliyebadilishiwa serikali na hakuna kisima kilichotekwa.

Bahari ya Shamu ilionyesha mpaka wa njia hiyo. Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli mwishoni mwa 2023, wakisema wanafanya hivyo kwa ajili ya Gaza, Baraza la Usalama liliwataka waache na kutaja haki ya nchi kulinda meli zao. Halikutoa ruhusa ya wazi ya kuishambulia ardhi ya Yemen. Marekani na Uingereza zilianza kuishambulia Januari 2024. Mwaka huo mafuta yanayopita mlango-bahari wa Bab el-Mandeb yalipungua kwa zaidi ya nusu, na meli ziliendelea kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Mashambulizi ya Marekani yalipozidi mwaka 2025, kilichoyasimamisha ni mapatano ya mwezi Mei yaliyosuluhishwa na Oman.

Jeshi lililoalikwa

Kuna hali moja zaidi, na sisi tumeiona kwa karibu. Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, uasi ulianza Oktoba 2017. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka Ruvuma na kushambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Machi 2021 waliingia Palma, na TotalEnergies ikasimamisha mradi wake wa gesi wa dola bilioni 20 huko Afungi. Julai mwaka huo Rwanda ilipeleka askari wapatao 1,000 kwa ombi la serikali ya Msumbiji, na majeshi ya SADC, Tanzania ikiwemo, yakafuata.

Ni gesi badala ya mafuta, na kisheria hakuna tatizo: serikali ya nchi imealika. Lakini mwaliko unajibu swali la nani ameruhusu. Haujibu swali la nani analindwa. Askari wakipangwa kuzunguka mradi huku wilaya za ndani zikiachiwa wauaji, wanakijiji watahitimisha wenyewe kwamba bomba lina thamani kuliko mtoto wao, na uasi utapata vijana wapya. Jeshi lililoalikwa linapaswa kupimwa kwa idadi ya watu waliorudi mashambani kwao, na tarehe ya kufunguliwa kwa mradi ije baadaye.

Ulinzi usio na bunduki

Kinachozima hoja ya vita vya mafuta ni kwamba njia nyingine zipo na zimejaribiwa. Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa Wazungu wachache Rhodesia. Uingereza ilipoiwekea vikwazo vya mafuta, Smith aliikatia Zambia mafuta yaliyokuwa yakipitia kwake. Nchi isiyo na bahari, migodi ya shaba ikitegemea mafuta, ilikuwa imeshikwa koo kwelikweli. Mafuta yalianza kubebwa kwa ndege ndani ya mapipa, kisha kwa malori kutoka Dar es Salaam katika barabara ya vumbi na tope iliyoua madereva wengi. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA lilikamilika, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Nchi mbili maskini zilizokuwa na uhuru wa miaka michache zililijibu koo lililokabwa kwa kujenga njia ya pili.

Matajiri walijifunza hivyohivyo. Mwaka 1974 liliundwa Shirika la Kimataifa la Nishati, na nchi wanachama zinazoagiza mafuta zikajifunga kuweka akiba ya siku 90. Saudia ilijenga bomba hadi Yanbu kwenye Bahari ya Shamu, na Falme za Kiarabu bomba la Fujairah lililofunguliwa 2012, yote yakiikwepa Hormuz. Septemba 2019 droni na makombora yalipokipiga kituo cha mafuta cha Abqaiq, Saudia, na kuondoa mapipa milioni 5.7 kwa siku, bei ilirukia juu kisha ikashuka ndani ya majuma machache. Akiba na mafundi vilitosha. Kwa kulinganisha, mtafiti Roger Stern alikadiria mwaka 2010 kwamba kuweka majeshi ya Marekani katika Ghuba kutoka 1976 hadi 2007 kuligharimu karibu dola trilioni 7. Matangi ya akiba, reli na umeme mbadala wa kiasi gani vingejengwa kwa fedha hizo?

Masharti, na wajibu wetu

Jeshi linaweza kuhusika na mafuta kihalali pale tu ambapo kitendo kinachojibiwa ni shambulio la silaha, juu ya nchi au juu ya meli. Aliyeshambuliwa ameomba, au Baraza la Usalama limeidhinisha. Nguvu inayotumika inaishia kwenye shambulio hilo bila kugusa umiliki wa kisima wala ikulu ya mwenye kisima. Na njia za akiba, bomba na usuluhishi hazikuachwa kwa uvivu. Kuna kipimo kifupi cha kuyajaribu yote: je, kitendo hiki kingekuwa halali kama nchi ile isingekuwa na mafuta? Kuwait inapita. Meli zilizosindikizwa zinapita, majukwaa yaliyolipuliwa hayapiti. Abadan, Suez na Baghdad ya 2003 hazipiti.

Serikali za Afrika Mashariki zina kazi tatu zinazotokana na hapo. Ya kwanza ni akiba. Mipango ya akiba ya kimkakati ya mafuta imezungumzwa Tanzania na Kenya kwa miaka mingi. Nchi ambayo matangi yake yanategemea meli ya mwezi ujao haina sauti huru siku Ghuba inapowaka. Ya pili ni bandari. Makubaliano ya kuwapa wageni matumizi ya gati na viwanja vya ndege yanapaswa kupita bungeni na kusomwa na wananchi, kwa sababu anayekopesha bandari yake kwa vita vya mwingine amejichagulia adui bila kuulizwa. Ya tatu ni kura. Kila nafasi ya Umoja wa Mataifa na ya Umoja wa Afrika itumike kuilinda kanuni kwamba mwenye mafuta ana haki ya kuuza au kutouza, na kwamba bahari haifungwi na mtu. Siku meli ya kwanza itakapopakia mafuta ya Hoima pale Chongoleani, Uganda na Tanzania zitahitaji nusu zote mbili za kanuni hiyo: moja izilinde dhidi ya mnunuzi mwenye nguvu, na nyingine iilinde meli hiyo ikishatoka bandarini. Nchi iliyonyamaza kanuni ilipovunjwa kwa wengine haitakuwa na cha kuomba.